Jeshi la anga la ufalme wa kubuni: hesabu huanzia ardhini

Anayebuni ufalme kwa ajili ya riwaya, katuni au mchezo wa kompyuta, akifika kwenye jeshi la anga huandika kwanza idadi ya ndege: za kivita 48, za mizigo 12, helikopta 30. Kisha huchora nembo. Orodha ya namna hiyo haimwambii msomaji ni ndege ngapi zitaruka kesho asubuhi, zitaruka kutoka wapi, wala nani alizikagua usiku. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo za ndege ziko chini: njia ya kurukia, mafuta, maji safi, fundi na daftari la ukaguzi. Ukianza na hizo, idadi ya ndege hujitokeza yenyewe, na mara nyingi huwa ndogo kuliko ulivyotamani.

Tuuweke mfano wetu kusini mwa Tanzania. Ufalme huu wa kubuni, ambao hatuupi jina, una pwani kutoka Kilwa hadi mdomo wa Ruvuma, na upande wa bara unafika Nachingwea na Masasi. Makao makuu ni Mtwara. Mfalme na askari wake ni wa kubuni. Ardhi, bahari, upepo na ndege ni za kweli. Kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa Mtwara hadi Kikwetu, uwanja wa Lindi, ni kama kilomita 70. Nachingwea kama 155. Masasi kama 160. Kilwa Masoko kama 175. Ndege ndogo inayokwenda kilomita 300 kwa saa hufika popote kati ya hapo ndani ya dakika 35. Kwa hiyo ufalme huu hauhitaji kambi tano za ndege. Unahitaji kambi moja kamili na viwanja vya kushukia vilivyotunzwa, na kosa la kutawanya mafundi na vipuri kwenye vituo vingi limeshaepukwa.

Kazi zipi?

Bahari ndiyo kazi ya kwanza. Nchi yenye pwani ina haki ya kiuchumi hadi maili 200 za baharini, yaani kilomita 370, na eneo hilo halilindwi kwa boti peke yake. Kazi ya pili ni kufika mahali ambapo barabara imekatika: kisiwa kama Songo Songo, vijiji vya bonde la Ruvuma wakati wa mvua, mama mjamzito anayehitaji upasuaji usiku. Ya tatu ni mpaka wa mto, ambako adui wa kwenye hadithi huvuka kwa mtumbwi na si kwa ndege ya kasi. Mapambano ya ndege kwa ndege ni kazi ya nne, na ndiyo ghali kuliko zote tatu zikijumlishwa. Mwandishi anayeipa nafasi ya kwanza aeleze ufalme wake umepata wapi fedha.

Muundo

Katika falme nyingi mfalme ni Amiri Jeshi Mkuu kwa jina, na amri za kila siku hutolewa na mkuu wa kamandi ya anga. Kwa vyeo, tumia vile ambavyo msomaji wa Kiswahili anavijua. JWTZ, jeshi la Tanzania lililoanzishwa Septemba 1964, hutumia vyeo vilevile ardhini, angani na majini: Luteni Usu, Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, na kuendelea hadi Jenerali. Uingereza, ambayo jeshi lake la anga lilizaliwa tarehe 1 Aprili 1918 kwa kuunganisha matawi ya anga ya jeshi la nchi kavu na la majini, ilijitungia vyeo vyake. Kwa jeshi la watu mia chache, vyeo vya pekee huongeza majina tu.

Kipimo cha msingi ni skwadroni: ndege za aina moja au kazi moja, marubani wake, na mafundi wa matengenezo madogo, chini ya Luteni Kanali au Meja. Juu ya skwadroni iko kambi, chini ya Kanali, yenye matawi matatu yanayopaswa kuwa na sauti sawa mezani. La kwanza ni urukaji. La pili ni uhandisi: hanga (banda la ndege), vipuri, silaha, na wakaguzi wanaosaini kwamba ndege iko salama. La tatu ni huduma za uwanja: mnara, rada, hali ya hewa, zimamoto, mafuta, ulinzi wa uzio. Jambo moja lisilegezwe kamwe: mkaguzi anayesaini ndege asiwe chini ya mkuu wa skwadroni anayetaka ndege hiyo iruke. Akiwa chini yake, siku moja atasaini kwa kuogopa. Kama unatafuta chanzo cha ajali katika hadithi yako, hicho kinaaminika kuliko kombora.

Halafu kuna ndege ya mfalme, na hapa falme halisi zina la kutufundisha. Uingereza iliunda kikosi maalumu cha ndege za mfalme mwaka 1936. Mwaka 1995 kikaunganishwa na skwadroni namba 32, ambayo hufanya pia kazi za kawaida za usafirishaji. Sababu inaeleweka hata bila kuambiwa. Kikosi cha mfalme kikikaa peke yake huchukua marubani bora na mafundi wazoefu, kisha husubiri safari chache kwa mwezi. Katika ufalme wetu ndege ya mfalme ni ya skwadroni ya usafirishaji. Viti vya heshima hufungwa kwenye reli za sakafu usiku wa kuamkia safari, vikafunguliwa baadaye, na kesho yake ndege ileile inabeba magunia ya unga. Mfalme na mrithi wake hawapandi ndege moja.

Ndege 25

Tumechagua ndege 25, na kilichotuongoza kuliko kasi au silaha ni mafuta: zote zinatumia Jet A-1. Ndege nyingi ndogo za pistoni, kama Cessna 172 za kawaida, hutumia petroli ya ndege, ambayo hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine. Jet A-1 ni jamii ya mafuta ya taa, haina rangi au ina unjano hafifu. Ukitia Jet A-1 kwenye injini ya petroli, injini inaweza kuwaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, ndege ikaondoka ardhini, kisha ikazimika ikiwa chini sana. Ndiyo maana bomba la kujazia Jet A-1 hutengenezwa na mdomo mpana usioingia kwenye tundu la tangi la petroli. Kambi yenye mafuta ya aina moja imefunga mlango huo, na inahitaji tangi moja, gari moja la kujazia na akiba moja ya kuhesabu.

Shule ya urubani ina Diamond DA40 NG nne, zenye injini ya dizeli ya nguvu ya farasi 168 inayotumia Jet A-1. Doria ya bahari ina DA42 tatu, dada yake wa injini mbili, zikiwa na kamera ya joto chini ya pua. Injini zake mbili kwa pamoja hutumia kama lita 45 kwa saa. Kwa mwendo wa doria wa kilomita 220 kwa saa, kufika ukingo wa kilomita 370 ni saa 1 na dakika 40, na kurudi vivyo hivyo. Kwa tangi kubwa la karibu lita 290 hubaki zaidi ya saa 2 za kuzunguka huko, baada ya kutoa akiba ya dakika 45. Wafanyakazi wavae maboya tangu wakiwa chini, na boti ya kujaza upepo ikae karibu na mlango. Ikitupwa nyuma ya mizigo haitamfaa mtu.

Injini hizi zina udhaifu wake. Zinaongozwa na kompyuta, na kompyuta inataka umeme usiokatika. Machi 2007 huko Speyer, Ujerumani, injini zote mbili za DA42 zilizimika mara tu baada ya kuruka. Betri ilikuwa imekwisha, ndege ikawashwa kwa umeme wa nje. Magurudumu yalipokunjwa, umeme ulishuka na kompyuta zikajizima. Funzo kwa kambi yetu ni kwamba ndege ya aina hii iliyokutwa na betri tupu hairuki siku hiyo hadi betri ichajiwe na kupimwa, hata afisa mkuu akiwa amesimama mlangoni.

Usafirishaji una Cessna 208B Caravan nne na Airbus C-295 mbili. Caravan ina injini moja ya tabaini, PT6A-114A ya nguvu ya farasi 675, bawa la juu na magurudumu yasiyokunjwa, na hutua kwenye kifusi na udongo. Mlango mkubwa wa nyuma hupitisha machela. C-295 hubeba hadi tani 9 na ina mlango wa nyuma unaoshuka kama daraja. Hiyo ndiyo itakayobeba injini ya helikopta au askari wa kikosi kizima.

Helikopta ni Mi-17 nne na H125 mbili. Mi-17 hubeba askari 24 au mzigo wa hadi tani 4, na humeza karibu lita 750 kwa saa. Saa yake moja ni sawa na saa 16 za DA42, kwa hiyo ukiona mwandishi ametuma Mi-17 kutafuta mtumbwi uliopotea asubuhi nzima, ujue hajapiga hesabu. Doria hutafuta kwa DA42. Mi-17 huondoka mtumbwi ukishaonekana. H125 ni ya mgonjwa mmoja, upelelezi na mafunzo ya marubani wa helikopta.

Silaha ziko kwenye Super Tucano sita. Hii ni ndege ya propela yenye injini ya PT6A-68C ya nguvu ya farasi 1,600, bunduki mbili za milimita 12.7 ndani ya mabawa, sehemu tano za kutundikia mabomu au matangi, na viti viwili vya kurusha rubani nje. Afrika inaifahamu: Burkina Faso, Mauritania, Angola, Mali na Nigeria zimeinunua. Hukaa angani zaidi ya saa 3 kwa mafuta ya ndani, na ni hatua ya mwisho ya mwanafunzi anayetoka DA40. Injini yake na ya Caravan ni za ukoo mmoja. Vipuri vingi havibadilishani, lakini fundi aliyejifunza moja huielewa nyingine kwa haraka, na kwa kambi ndogo hilo ni jambo kubwa sana.

Na kama ni lazima ziwepo ndege za kasi?

Basi zilipiwe. Mfano wa kawaida ni MiG-21, au nakala yake ya Kichina F-7. Matoleo mengi hubeba ndani kati ya lita 2,400 na 2,900 za mafuta, na kwa mapambano huishiwa chini ya saa moja. Hugusa ardhi kwa kasi inayokaribia kilomita 300 kwa saa, na hufungua mwavuli nyuma ili kusimama. Njia ya kurukia ya Mtwara, iliyoongezwa kutoka mita 2,258 hadi 2,800, inaitosha kwa urefu. Tatizo ni kwamba ndege ya kwanza ikipasuka tairi katikati ya njia, ya pili ina dakika chache za mafuta na haina pa kwenda. Kushuka kwenye udongo haiwezi, kwa sababu mdomo wa injini hufyonza mchanga na vijiwe. Warusi walilitatua hilo kwenye MiG-29 kwa kuziba mdomo mkuu ndege inapotembea ardhini na kuvuta hewa kupitia matundu ya juu ya bawa, lakini hata hiyo hutaka njia ndefu. Kwa hiyo ndege za kasi zinamaanisha njia ya pili ya lami, mahali pengine, yenye zimamoto wake.

Ukitaka mbili zisubiri tayari usiku na mchana, si mbili unazonunua. Mbili ziko tayari, moja ni ya akiba, mbili au tatu ziko hanga, moja inafundishia. Hizo ni sita au saba, na marubani kama kumi ili zamu isiwachoshe. Baruti za viti vya kurusha rubani zina tarehe ya mwisho hata kama ndege haijaruka. Jeshi lisilozinunua upya huwa na ndege nzima zilizosimama, na kwenye magwaride hakuna anayejua tofauti.

Saa na watu

Chukua rubani mmoja na nusu kwa kila kiti cha urubani. Usafirishaji ni ndege 6 zenye marubani wawili wawili, sawa na marubani 18. Doria, 9. Mi-17, 12; H125, 3. Super Tucano, 9, bila kuhesabu wa kiti cha nyuma. Walimu wa shule, 6. Jumla 57. Kiwango kinachotajwa mara nyingi na NATO ni saa 180 za kuruka kwa rubani kwa mwaka, na mahesabu yakifuata kiwango hicho kila ndege yetu huruka saa 270, kundi zima saa 6,750.

Sasa mafundi. Tukikadiria saa 8 za mikono ya fundi kwa kila saa ya kuruka, tunapata saa 54,000. Fundi anayelipwa mwaka mzima, ukitoa likizo, mafunzo, ulinzi na kusubiri vipuri, hutoa kama saa 1,000 zenye mikono kwenye ndege. Ni mafundi 54. Ongeza wakaguzi, watunza ghala, wa betri, wa matairi, wa viti na maboya, wa silaha, na utafika karibu mara mbili. Ongeza mnara, rada, zimamoto, mafuta, madaktari, wapishi na walinzi: kambi ya ndege 25 ni ya watu 400 hadi 500. Hadithi yenye marubani peke yao imeacha nje karibu watu tisa kati ya kila kumi.

Kanuni ya theluthi husaidia kwenye mpangilio wa matukio. Theluthi moja ya ndege iko kazini, moja inafundishia au inajiandaa, moja iko hanga. Mfalme akiagiza "zote ziruke", zitaruka 16 au 17 kati ya 25, na wiki mbili baadaye zitaruka 8, kwa kuwa ukaguzi wote umeangukia pamoja.

Udongo na joto

Viwanja vya bara ni mali ya kijeshi kuliko bunduki. Nachingwea ilikuwa kituo cha kusini cha mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kusitishwa 1951. Mradi huohuo ndio uliozaa bandari ya Mtwara na reli iliyong'olewa baadaye. Kwa ufalme wetu, Nachingwea ni mahali pa kukimbilia na pa kuanzia safari za bara.

Lakini urefu wa njia ya kurukia ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege ni wa hewa ya nyuzi 15 usawa wa bahari. Mchana wa Mtwara wa nyuzi 32 ni nyuzi 17 zaidi, na kila nyuzi moja huifanya hewa iwe nyepesi kana kwamba uwanja umepanda mita 36 au 37. Ukijumlisha na kimo cha uwanja chenyewe, mita 113, ndege huona kana kwamba iko zaidi ya mita 700 juu. Caravan iliyojaa huhitaji kama mita 750 kuruka na kupita kizuizi cha mita 15. Ongeza asilimia 17 kwa joto, kisha asilimia 25 kwa udongo laini: karibu mita 1,100. Akiba ya theluthi inaifikisha mita 1,460. Hapo kiwanja cha udongo cha mita 1,200 kilichoonekana kinatosha hakitoshi tena. Rubani mzuri ana njia tatu: apunguze mzigo, asubiri alfajiri, au asubiri udongo ukauke. Baada ya mvua atume gari lipite njia nzima kwa kasi. Likizama, ndege itazama zaidi, kwa sababu gurudumu la mbele la Caravan ni dogo na ndilo linalovunjika.

Chumvi

Hapa ndipo ndege za pwani yetu zinapokufa. PT6, injini ya Caravan, huweza kufika saa 3,600 kabla ya matengenezo makuu. Kwa saa 270 kwa mwaka, hiyo ni miaka zaidi ya 13, na mhasibu wa kambi atafurahi. Chumvi haisubiri. Upepo wa kusi hupuliza kutoka baharini kuanzia Aprili hadi Oktoba, na kila unyunyu hubeba chembe zinazokaa kwenye mapanga madogo ya kukandamiza hewa. Huko hupunguza pumzi ya injini. Zikipita hadi sehemu ya moto hukutana na salfa ya mafuta, zikawa kitu kinachotafuna mapanga ya tabaini kama mchwa. Dalili yake ya mapema iko kwenye vipimo vilivyo mbele ya rubani: nguvu ileile kama ya mwezi uliopita, lakini joto la gesi limepanda. Ndiyo maana namba hizo huandikwa kila siku na kulinganishwa, hata ndege ikiwa haina tatizo lolote.

Dawa ni kuosha injini kila jioni baada ya safari ya mwisho. Injini iachwe ipoe kwanza, kama kitabu chake kinavyoelekeza. Kisha huzungushwa kwa stata bila kuwashwa huku maji yakipulizwa mdomoni. Kwa Caravan, stata inayozungushwa kwa betri ina masharti: sekunde 30 za kuzungusha, 60 za kupumzika, 30 tena, 60 za kupumzika, 30 za mwisho, halafu dakika 30 za kuiacha kabisa. Fundi mwenye haraka anayeruka mapumziko huunguza stata, na stata hiyo iko ng'ambo ya bahari. Mwisho injini huwashwa dakika chache ili ikauke. Maji yawe yameondolewa madini. Ya kisima cha pwani, hata yakinyweka, huacha magadi palepale ulipotaka kuondoa chumvi.

Mwili nao huoshwa kwa maji baridi, kuanzia tumboni na kwenye mashimo ya magurudumu. Kutu ya alumini haina rangi ya chuma kilichooza. Huja kama unga mweupe na rangi iliyovimba kama lengelenge. Itafute chini ya sakafu ya abiria, kuzunguka betri, kwenye bawaba ndefu za mabawa, na kila mahali boliti ya chuma inapogusa alumini bila rangi ya kinga katikati. Kambi yenye hanga za kutosha ndege zote na maji safi ya kutosha itaishi muda mrefu kuliko yenye ndege mpya zilizoegeshwa juani.

Mafuta nayo yana adui wake, maji. Bandari ya Mtwara, yenye kina cha asili, hurahisisha meli kushusha, lakini tangi linalopoa usiku hutoa jasho ndani. Baada ya tangi kupokea mafuta huachwa yatulie saa 3 kwa kila mita ya kina, kisha maji hutolewa chini na sampuli kukaguliwa kwenye chupa safi. Katika joto letu, mpakani mwa maji na mafuta huota fangasi wenye ute wa kahawia unaoziba vichujio. Kila asubuhi kila tangi la ndege hutolewa sampuli kabla ya mtu yeyote kuitikisa.

Rada

Mbunifu huweka rada mahali pa juu kabisa, na kwa ramani ya kusini atachagua Newala, mji ulio juu ya Uwanda wa Makonde. Hesabu inamvutia: umbali wa kuona, kwa kilomita, ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili (√) vya kimo cha antena na kimo cha ndege kwa mita. Antena ya mita 25 pwani huona ndege iliyo mita 100 juu ya bahari kwa umbali wa kilomita 62. Antena iliyo kwenye kimo cha mita 800 ingeiona kwa kilomita 158. Lakini kanuni hiyo inadhani hakuna kitu katikati. Uwanda wa Makonde umeinuka upande wa magharibi na kushuka polepole kuelekea baharini, kwa hiyo kutoka Newala uwanda wenyewe huikata miale ya chini kabla haijafika majini. Anayesimama Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda hapo Newala, ataona kwa macho yake upande gani uko wazi: bonde la Ruvuma, kusini. Rada ya Newala ni ya mpaka wa mto. Ya bahari inataka mnara wake pwani, na mapengo yake huzibwa na DA42. Mhusika wako anayetaka kuingia kwa siri aje usiku, chini, kutoka baharini, upande wa mbali na mnara huo.

Kimbunga

Watu wengi hudhani pwani hii haina vimbunga. Aprili 1952 kimoja kiliipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth ilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, baada ya wakazi wa Mtwara kutahadharishwa. Mei 2024 Hidaya ikafika karibu na Mafia. Kambi inayokaa baharini iwe na karatasi moja ya mpango huo ukutani.

Saa 48 kabla, mtu wa hali ya hewa anamwarifu Kanali, na safari za mafunzo zinasimama. C-295 huondoka mwanzo na mafundi, vifaa vya kuanzishia na matairi, kwani ndege zikifika Nachingwea bila mafundi zitabaki huko. Kisha Super Tucano, DA42 na DA40, zikiwa na mafuta ya kwenda na kurudi ili zisitegemee mapipa ya bara. Caravan hubaki hadi karibu na mwisho kwa ajili ya wagonjwa. Mi-17 hufuata, moja ikiwekwa Masasi ili barabara ikikatika isiwepo kambi moja tu yenye helikopta. Njia ya udongo ya Nachingwea hupimwa kwa gari kabla ya ndege ya kwanza kuondoka Mtwara, na mtu wa huko hutoa jibu kwa redio kila saa, kwa kuwa mvua ya pembezoni mwa kimbunga hufika kabla ya upepo.

Zinazobaki ni zile zilizofunguliwa kwa matengenezo ndani ya hanga, na theluthi inasema ziko kama nane. Hizo huondolewa betri, hujazwa mafuta pale matangi yanaporuhusu ili ziwe nzito, usukani hufungwa, midomo ya injini huzibwa, na mapanga ya helikopta hufungwa moja moja kwa kamba hadi mwilini. Milango ya hanga hufungwa yote au hufunguliwa yote miwili ya pande zinazotazamana. Ukifungua mmoja tu, ule wa upande wa upepo, paa ndilo litakaloondoka kwanza.